Kusafirisha dawa kutoka Kigoma kuvuka Ziwa Tanganyika: ubora unavyoamua kama utapata kibali

Katoni 40 za parasetamo zinaweza kulala bandarini Kibirizi, Kigoma, wiki nzima kwa sababu ya tarakimu mbili kupishana: cheti cha uchambuzi, yaani majibu ya maabara, kinasema toleo (bechi) namba 2318, katoni zinasema 2381. Mwenye mzigo atalalamika kwamba ni kosa la mchapaji. Huenda ni kweli. Lakini mkaguzi aliyesimama mbele ya mzigo hana namna ya kujua kama mchapaji aliteleza au dawa nyingine kabisa imevishwa cheti cha wenzake, na kubahatisha si kazi yake.

Ukilielewa hilo, umeelewa nusu ya sheria za kusafirisha dawa nje. Kibali ni karatasi ya mwisho katika mlolongo wa karatasi za ubora, na kila moja inaishuhudia iliyotangulia. Mlolongo ukikatika popote, kibali hakitoki. Na kikitoka kwa bahati, mzigo utakwama ng'ambo, ambako kuurudisha ni gharama kuliko kuupeleka.

Mwongozo huu ni wa mfanyabiashara wa dawa za jumla wa Kigoma au Tabora anayetaka kuuza kihalali Kalemie au Uvira (Kongo), Bujumbura (Burundi) au Mpulungu (Zambia). Anayepita njia za panya hautamfaa.

Kabla ya yote: je, unaruhusiwa?

Duka la Dawa Muhimu halisafirishi dawa nje. Famasi ya rejareja pia haisafirishi. Unahitaji jengo lililosajiliwa kwa biashara ya jumla ya dawa, leseni hai, na mfamasia msimamizi aliyesajiliwa na Baraza la Famasi chini ya Sheria ya Famasi ya mwaka 2011. Vibali vya kuingiza na kutoa dawa nchini viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura 219. Hadi mwaka 2019 mamlaka hiyo iliitwa TFDA, kwa hiyo ukikutana na fomu au mwongozo wenye jina hilo la zamani, tafuta toleo jipya kabla ya kujaza chochote. Ofisi ya Kanda ya Magharibi iko Tabora, na ndiyo ya kuulizwa kwanza.

Angalia jambo moja dogo ambalo husahaulika: jina la biashara kwenye leseni ya jengo, kwenye TIN na kwenye ankara liwe lilelile, neno kwa neno. "Enterprises" upande mmoja na "Co. Ltd" upande mwingine ni watu wawili tofauti machoni pa mfumo.

Hatua ya 1: Anzia upande wa pili wa ziwa

Kosa kubwa la wanaoanza ni kununua mzigo kwanza, halafu kutafuta kibali. Anza na mnunuzi. Dawa iliyosajiliwa Tanzania si lazima iwe imesajiliwa anakoipeleka. Burundi ina mamlaka yake ya dawa, ABREMA, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina ACOREP, Zambia ina ZAMRA, na kila moja ina orodha yake ya dawa zilizoidhinishwa.

Wapo wanaodhani Jumuiya ya Afrika Mashariki imemaliza suala hili. Mpango wa Jumuiya wa kuoanisha udhibiti wa dawa ulizinduliwa mwaka 2012, na umesaidia kweli: majalada ya usajili yanapangwa kwa muundo mmoja, tathmini za pamoja zinafanyika, na ukaguzi wa viwanda wa pamoja upo. Lakini cheti cha usajili bado hutolewa na nchi moja moja. Kongo nayo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, na kujiunga huko hakukuisajili dawa yako hata moja.

Mwambie mnunuzi akutumie, kwa maandishi na kabla hujalipia hata katoni moja:

- nakala ya leseni yake ya kuingiza au kuuza dawa kwa jumla;
- namba ya usajili ya kila dawa katika nchi yake, pamoja na jina la kiwanda lililoandikwa kwenye usajili huo;
- kibali chake cha kuingiza mzigo, chenye majina ya dawa, nguvu, umbo na kiasi;
- muda wa matumizi unaotakiwa kubaki dawa inapofika;
- lugha inayotakiwa kwenye boksi na kikaratasi cha ndani, maana Kongo inafanya kazi kwa Kifaransa;
- orodha ya vyeti ambavyo mamlaka yake itavidai.

Mnunuzi akikwambia "we lete tu, huku tutajuana", huyo si mteja. Mzigo ukikamatwa, jina litakalosomeka kwenye ankara ni lako.

Angalia na vipimo. Kibali chake kinaweza kusema makopo 800 na profoma yako (ankara ya awali) ikasema katoni 40. Kama kila katoni ina makopo 20 hesabu ni ileile, lakini mkaguzi asilazimike kuitafuta. Andika zote: katoni 40, kila moja makopo 20, kila kopo vidonge 1,000, jumla vidonge 800,000.

Hatua ya 2: Dawa yako imezaliwa wapi?

Hapa njia zinagawanyika kama reli pale Tabora.

Ikiwa dawa imetengenezwa Tanzania, ushahidi wa ubora unatoka kwa TMDA yenyewe. Kiwanda kinakaguliwa kwa kanuni za utengenezaji bora, dawa inasajiliwa, kisha mamlaka inaweza kutoa cheti cha bidhaa ya dawa, maarufu kama CPP. Cheti hiki kinafuata mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza mwaka 1969, ili nchi isiyo na uwezo wa kukagua kila kiwanda duniani iweze kuitegemea nchi mtengenezaji. Kinasema dawa ina nini ndani na kwa kiasi gani, imesajiliwa kwa namba ipi, kama kweli inauzwa katika nchi inayokitoa, nani kaitengeneza, na kama kiwanda chake hukaguliwa. Uzito wa cheti unategemea aliyekitoa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliitambua TFDA kuwa imefikia ngazi ya 3 ya ukomavu katika udhibiti wa dawa, ya kwanza Afrika kufika hapo. Kwa msafirishaji hiyo si habari ya magazetini tu. Saini ya Tanzania inasomwa kwa uzito zaidi ng'ambo.

Ikiwa dawa imetoka nje, tuseme India, ikaingia Dar es Salaam na sasa unataka kuiuza Kalemie, hiyo ni kusafirisha upya. CPP haiwezi kutoka Tanzania kama kwamba kiwanda kiko Tanzania. Inatoka kwa mamlaka ya nchi ilikotengenezwa. Wewe unatakiwa kuonyesha kwamba mzigo uliingia nchini kihalali: kibali cha kuuingiza, hati za forodha, na ankara inayokufikisha hadi kwa aliyeuingiza. Ukinunua kwa mtu asiyeweza kukupa karatasi hizo, uza dawa hiyo hapahapa kama imesajiliwa, usiisogeze ziwani.

Kwenye CPP soma anwani ya kiwanda, si jina la kampuni peke yake. Kampuni moja inaweza kuwa na viwanda viwili, kimoja kimekaguliwa na kuandikwa kwenye usajili wa Burundi, kingine hakimo. Boksi linafanana, rangi inafanana, jina ni lilelile, na bado mamlaka itaukataa mzigo kwa haki kabisa.

Hatua ya 3: Jifunze kusoma cheti cha uchambuzi

Watu wengi hukichukulia cheti cha uchambuzi kama risiti: wanakitazama, wanakiweka kwenye faili. Kaa nacho dakika kumi.

Kwanza, kila toleo lina cheti chake. Ile namba ambayo wengi wanaiita bechi ndiyo kitambulisho cha dawa. Mzigo wenye matoleo matatu unahitaji vyeti vitatu, na cheti cha toleo la mwaka jana hakifai kitu.

Pili, angalia kipimo kimefanywa kwa kitabu gani cha viwango vya dawa, yaani famakopia ipi. Famakopia ya Uingereza, BP, inataka vidonge vya parasetamo viwe na kati ya 95.0% na 105.0% ya kiasi kilichoandikwa. Famakopia ya Marekani, USP, inaruhusu 90.0% hadi 110.0%. Sasa chukua toleo lililopimwa likatoa 94%. Kwa kidonge cha miligramu 500 hiyo ni miligramu 470. Kwa USP limefaulu, kwa BP limefeli, ingawa kidonge ni kilekile. Kinachoamua ni kiwango kilichoandikwa kwenye usajili wa dawa hiyo na kwenye lebo yake. Kopo lililoandikwa "Paracetamol Tablets BP" linapimwa kwa BP, basi. Kuliokoa toleo lililofeli kwa kubadilisha herufi kwenye lebo ni kughushi, na mkaguzi mzoefu huanza kuangalia hapohapo.

Tatu, tazama kama kuna namba au kuna maneno tu. Cheti chenye "imefaulu" kwenye kila mstari, pamoja na mstari wa kiasi cha dawa, kina mashaka. Kiasi cha dawa, kuyeyuka na uchafu wa kemikali huandikwa kwa namba pamoja na mipaka yake. Mwonekano na utambulisho ndivyo vinavyoweza kuandikwa kwa neno.

Nne, linganisha tarehe. Tarehe ya kupima haiwezi kutangulia tarehe ya kutengeneza. Inachekesha, lakini vyeti vya kughushi hunaswa hivyo mara kwa mara, kwa sababu anayeghushi hubadilisha namba ya toleo na kusahau tarehe.

Tano, saini, jina na cheo cha aliyeidhinisha, pamoja na anwani ya maabara. Ukiwa na shaka, mwandikie mtengenezaji kwa anwani uliyoitafuta mwenyewe, usitumie ile iliyoandikwa kwenye cheti hichohicho.

Swali linaloulizwa sana ni kama unaweza kupima mwenyewe. Unachoweza ni uchunguzi wa macho: fungua kopo moja kwa kila toleo, tazama vidonge vilivyovunjika, madoa, rangi isiyolingana, harufu, na muhuri wa kopo. TMDA kwa miaka mingi imetumia vifaa vidogo vya kupimia dawa viitwavyo Minilab mikoani na mipakani kwa uchunguzi wa awali. Vinakamata dawa isiyo na kiini (kile kinachotibu) au yenye kiini pungufu mno, lakini haviwezi kutenganisha 94% na 96%. Kwa hilo kuna maabara ya TMDA Dar es Salaam, iliyotambuliwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2011. Sampuli ikienda maabara, panga ratiba yako kwa wiki, si kwa siku.

Syrup zina mlango wake

Tarehe 5 Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji za watoto zilizokutwa Gambia zikiwa na daiethilini glaikoli na ethilini glaikoli, sumu zinazoua figo. Dawa hizo zilitengenezwa India. Sumu hizi huingia kupitia viambato vinavyotumika kuyeyushia na kukoleza syrup, hasa gliserini na propilini glaikoli, vinaponunuliwa kwa bei ya chini bila kupimwa. Mpaka wa famakopia kwa kila moja ya sumu hizo katika viambato hivyo ni 0.10%.

Matokeo yake kwenye leseni yalikuja haraka: kuanzia tarehe 1 Juni 2023 India ilizuia syrup za kikohozi kutoka nchini humo bila cheti cha uchambuzi kutoka maabara zilizoidhinishwa na serikali. Kiwango kimoja cha maabara kikageuka sharti la forodha. Kwa hiyo ukisafirisha upya syrup ya kikohozi kutoka India, dai cheti hicho kwa aliyekuuzia. Na kwa syrup yoyote, omba mtengenezaji athibitishe kwa maandishi kwamba gliserini na propilini glaikoli ya toleo hilo zilipimwa sumu hizo mbili. Akijizungusha, acha mzigo.

Hatua ya 4: Muda uliobaki na joto

Tuseme mnunuzi ameambiwa dawa ifike ikiwa na angalau 60% ya muda wake. Dawa ya miezi 36 lazima ifike na miezi 21.6, yaani hesabu 22. Dawa ya miezi 24 ikidaiwa 80% inatakiwa kufika na miezi 19.2, yaani 20. Kutoka siku unaponunua hadi siku mzigo unapokaguliwa ng'ambo, tenga miezi 3 ya vibali, usafiri na ucheleweshaji, hivyo ile ya miezi 36 uinunue ikiwa na miezi 25 au zaidi. Dawa ya bei ya kutupa inayotoka Dar es Salaam mara nyingi ni ya bei hiyo kwa sababu ya tarehe yake.

Joto lina mambo yake. Uthabiti wa dawa kwa nchi zetu hupimwa kwenye nyuzi 30 na unyevu wa 65% au 75%, na kipimo cha kuharakisha hufanywa kwenye nyuzi 40 na unyevu wa 75% kwa miezi 6. Dawa iliyopimwa kwenye nyuzi 25 peke yake, kama inavyofanyika kwa soko la Ulaya, inaweza kuwa nzuri sana na bado isiidhinishwe huku. Maandishi ya "hifadhi chini ya nyuzi 25" kwenye boksi yakutie tahadhari: ghala lako linaweza kuonyesha hivyo kwa kumbukumbu za kila siku? Kipimajoto ukutani bila daftari si ushahidi.

Hatua ya 5: Kuomba kibali

Ukiwa na yote hayo, kuomba kwenyewe ni kazi fupi. Maombi hupitia mfumo wa mtandaoni, ada hulipwa kwa kontroo namba, na risiti inaingia humohumo. Ambatisha profoma yenye jina la kisayansi la dawa, jina la biashara, nguvu, umbo, mtengenezaji na anwani yake, nchi ilikotoka, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda, kiasi na thamani. Kibali cha mnunuzi. Vyeti vya uchambuzi. Na kwa kusafirisha upya, ushahidi wa kuingizwa nchini.

Taja kituo cha kutokea, na uliza ofisi ya Tabora kama kimeidhinishwa kwa dawa kabla ya kukijaza. Bandari ya Kigoma na mpaka wa Manyovu, wa kuingilia Burundi, ni milango miwili tofauti. Kibali cha mmoja hakikupitishi kwenye mwingine kwa sababu tu boti imechelewa.

Thamani nayo isikudanganye. Kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, Jumuiya ina cheti rahisi cha uasilia kinachotolewa mpakani, na wachuuzi wengi wa Manyovu wanakijua. Cheti hicho kinahusu ushuru kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Hakiondoi kibali cha dawa, hata kwa boksi moja la dawa mseto ya malaria.

Dawa zenye udhibiti maalumu

Mofini na pethidini ziko chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa dawa za kulevya wa mwaka 1961. Diazepamu na fenobabitali chini ya ule wa 1971. Mpangilio hapa haugeuki: nchi inayopokea hutoa idhini ya kuingiza kwanza, kisha nchi inayotoa ndiyo hutoa idhini ya kusafirisha, kwa kiasi kisichozidi kile kilichoidhinishwa. Kwa dawa za 1961 kila mzigo una idhini yake, nakala husafiri na mzigo, na mamlaka inayopokea huirudisha ikiwa imeandikwa kiasi kilichofika. Mzigo haupelekwi kwenye sanduku la posta. Kwa diazepamu nchi nyingi hudai utaratibu huohuo.

Usiichanganye dawa ya namna hii na mzigo wa kawaida kwenye ombi moja. Mnunuzi wa Kalemie akiomba parasetamo, amoksilini, dawa mseto na diazepamu, fungua faili mbili, la sivyo diazepamu itazishikilia zile tatu nyingine hadi mwezi mwingine.

Hatua ya 6: Ghala, boti na forodha

Siku ya kupakia, mfamasia ahesabu katoni na kusoma namba ya toleo kwenye kila katoni, si kwenye ile ya juu peke yake. Katoni moja ya toleo geni ndani ya 40 inatosha kuharibu tamko lote la forodha. Orodha ya vifurushi ionyeshe katoni namba ngapi hadi ngapi ni za toleo lipi. Wakala wa forodha anatangaza mzigo kwa TRA. Dawa zilizofungwa kwa dozi ziko chini ya kichwa 3004 cha ushuru, na kibali cha TMDA kinaambatishwa kwenye tamko hilo.

Kwenye boti, weka chaga chini ya katoni, turubai juu, na nafasi ya hewa katikati. Turubai lililogusa katoni juani hupika dawa. Usipakie karibu na injini, mapipa ya mafuta, dagaa wala sabuni. Kati ya Mei na Septemba kusi huvuma na ziwa huchafuka, maji yakaruka hadi juu ya shehena, kwa hiyo funga kila katoni kwa nailoni hata kama nahodha anakuhakikishia ukavu. Dawa za nyuzi 2 hadi 8, kama oksitosini, ziende na kipimajoto kinachorekodi, na barafu isigusane na chupa, kwani kugandishwa nako ni kuharibika.

Mzigo ukikataliwa ng'ambo, usiupakie kwenye boti ya kwanza kurudi. Dawa iliyovuka mpaka inaporudi inahesabiwa kuwa inaingia nchini, na hakuna anayejua ilikaa kwenye joto gani. Wasiliana na TMDA kwanza, uitenge ghalani ikirudi, na usiirudishe kwenye mauzo hadi upate jibu la maandishi.

Tunza faili ya kila mzigo angalau mwaka 1 baada ya dawa kuisha muda: vyeti, vibali, tamko la forodha, kumbukumbu za joto, na jina la aliyepokea. Kiwanda kikitangaza kuondoa toleo sokoni, utaulizwa ulipokea makopo mangapi, yamebaki mangapi, na yaliyouzwa yako kwa nani huko Kalemie. Na jibu hilo linatakiwa siku hiyohiyo.